Pankeki za Kimyakimya

Katika nyumba ya kina Meneja, watoto walijifunza kunyamaza kabla hawajajua kutembea vizuri. Si kwamba wazazi walikuwa wakali. Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya majeruhi, akirudi nyumbani asubuhi wakati majirani wanatoka kwenda kazini. Alilala mchana. Na mtu anayelala mchana, jamani, ana maadui wengi: redio za watu, milango, sufuria na watoto.

Basi kila kitu ndani ya nyumba ile kilifundishwa adabu. Miguu ya viti ilivalishwa soksi kuukuu. Birika lilinyang'anywa filimbi yake. Bomba la jikoni halikufunguliwa kabisa mama akiwa amelala, kwa sababu lilikuwa na tabia ya kulia ndani ya ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda chake. Maji ya kutumia yalichotwa mapema na kuwekwa kwenye ndoo. Watoto nao waliongea kwa mikono. Kidole shavuni, mama amelala. Kiganja kifuani, nina njaa. Kasuku, mtoto wa miaka mitano aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alifundishwa kuzika uso kwenye mto kila alipotaka kucheka.

Meneja alikuwa dada yake, msichana wa miaka kumi na miwili. Jina alipewa na baba siku alipomkuta amesimama mlangoni mwa bafu akipanga nani aoge kwanza na nani asubiri. Baba alicheka, lakini ukweli ni kwamba, kwa kuwa mama alilala mchana, binti huyo ndiye aliyeishika nyumba. Alimvisha Kasuku, alifua soksi, alijua chumvi imebaki kiasi gani. Siku nyingine alisinzia darasani mpaka mwalimu akagonga dawati. Alipoulizwa ana nini, alijibu, "Hamna kitu, mwalimu." Alikuwa amechoka, ila katika familia ile kila mtu alikuwa amechoka, na hakuona sababu ya kujitangaza.

Siku waliyoisubiri ilikuwa Jumamosi. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, akiingia saa saba mchana na kurudi watoto wameshalala. Wiki nzima wazazi hao walipishana, huyu akiwa macho, yule amelala au yuko kazini. Lakini Jumamosi mama aliamshwa mapema, saa tano, na kabla baba hajaondoka wote wanne walikaa meza moja. Mlo huo haukuwa kifungua kinywa, maana jua lilikuwa limeshapanda, wala haukuwa chakula cha mchana. Baba aliuita "kifungua mchana," na jina likashika.

Jumamosi moja mama alirudi amebeba viatu mkononi.

"Miguu imekataa," alisema, akajitupa kwenye kiti. Kisha akaingiza mkono mkobani na kutoa bamba la chokoleti na paketi ya hazelnati. Mgonjwa mmoja aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alikuwa amempa kwa shukrani. "Njia nzima nawaza pankeki. Pankeki laini, chokoleti juu, na hizi kokwa zimekaangwa zikanukia. Lakini hata kijiko sina nguvu ya kukishika."

"Nitapika mimi, mama," Meneja akasema upesi.

"Utaweza, mwanangu?"

"Si nimekuona mara nyingi tu? Wewe lala. Ukiamka utakuta meza tayari."

Mama akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulikuwa umeshalala.

Aliingia chumbani, na baba akamfuata na glasi ya maji. Mlango haukufungwa vizuri. Meneja hakukusudia kusikiliza, lakini nyumba yenye kimya haifichi neno.

"Usiku kucha tulikuwa wawili kwa wodi nzima," mama alikuwa akisema. "Nikigeuka huku, 'Nesi, inauma.' Nikigeuka kule, 'Nesi, inauma.' Nakwambia, nikisikia mtu mmoja tena akiniambia inauma, nitakaa chini nilie kama mtoto."

"Lala," baba akasema. "Hapa hakuna wa kukuambia."

Meneja alisikia kila neno, na moyo ukamuuma kwa ajili ya mama yake. Akajiapiza kwamba leo mama huyo angelala mpaka atosheke, na angeamkia furaha tupu.

Baba alichukua kikapu cha kwenda sokoni. Mlangoni akanong'ona, "Meneja, nyumba ni yako. Moto uangalie."

Alipoondoka, kazi ikaanza. Kasuku alikalishwa kwenye kigoda, akaonyeshwa kidole shavuni, akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Meneja alimimina hazelnati kwenye kikaango kikavu, juu ya moto mdogo. Ni kokwa za mviringo, ngumu, zenye ngozi nyembamba ya kahawia, na zikipata moto huanza kunukia mpaka mtu anameza mate bila kutaka. Alizizungusha taratibu zisiungue, akazimwaga kwenye taulo safi, akazisugua humo mpaka ngozi zikabambuka.

Sasa ilibidi zipondwe. Mama angechukua kinu kidogo na kutwanga. Meneja aliviringisha kokwa ndani ya taulo, akapiga magoti sakafuni, akazilalia kwa chupa huku akiibingirisha mbele na nyuma kwa uzito wa mwili wote. Zilivunjika kwa sauti ndogo sana. Jasho lilimtoka. Kasuku akanyoosha kidole gumba kumsifu.

Chokoleti aliivunja kwa vidole, akaiweka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, ikayeyuka polepole. Halafu akapiga mayai na maziwa, akachanganya unga, sukari na chumvi kidogo. Hakutumia mchapo wa chuma wa kupigia mayai, maana hugonga bakuli. Alitumia mwiko wa mbao. Rojo lilikataa kulainika, likabaki na madonge, naye akakoroga mpaka bega likafa ganzi. Usingizi wa wiki nzima ulimjia hapo hapo, amesimama. Alipiga miayo, akajipangusa macho kwa kiwiko, akaendelea.

Pankeki ya kwanza ilichanika, Kasuku akaila. Ya pili ilikuwa nzuri. Ya tatu ilikuwa nzuri zaidi. Rundo likaanza kupanda kwenye sahani, na Meneja akaanza kuiona meza ile kichwani, na uso wa mama, na baba akisema maneno yake ya utani.

Kikaango cha nyumba ile kilikuwa na mpini uliolegea. Wote walijua kwamba lazima ukishike kwa kitambaa, ukikaze kidogo, ndipo ukisogeze. Meneja alijua kuliko wote. Lakini mtu aliyechoka husahau hata anachokijua. Alipoinua kikaango kugeuza pankeki, mpini ulizunguka mkononi mwake, na kikaango chote cha chuma, cha moto, kikateleza ukingoni mwa jiko kuelekea kwenye vigae vya sakafu.

Mtu mwingine yeyote angeruka nyuma na kukiacha kianguke. Mwili wa binadamu unajua kujiokoa. Lakini mwili wa Meneja ulikuwa umefundishwa kitu kingine kwa miaka mingi. Alichokiona si moto, ni kishindo. Mkono wake wa kulia ulitoka wenyewe, ukakidaka kikaango kwa chini, kiganja wazi, ukakishusha juu ya mkeka uliokuwa kando ya jiko bila mlio wowote.

Hata pankeki haikudondoka.

Kasuku alipiga makofi ya kimyakimya, viganja vikisimama kabla ya kugusana. Kwake yeye ulikuwa mdako wa ajabu, hajapata kuona. Kisha akamwona dada yake ameuma kola ya gauni, macho yamejaa machozi, anayumba mbele na nyuma. Akaacha kupiga makofi.

Maumivu yalipanda mpaka begani. Meneja alitazama bomba. Akautazama ukuta. Angelifungua, lingelia, na mama angeamka baada ya kulala kidogo tu, akute mtu mwingine tena anamwambia inauma. Hapana. Kwenye ndoo maji yalikuwa yamebaki kidogo mno, ya kuoshea vyombo, yenye sabuni. Ndipo akakumbuka kitu alichosikia shuleni, kwamba mtu akiungua apake dawa ya meno. Akaenda bafuni kwa ncha za vidole, akakamua nusu ya tyubu kwenye kiganja. Kwanza ikampa ubaridi, akashukuru. Akafunga kitambaa juu yake, akavaa sweta la mikono mirefu na kuishusha mikono hiyo mpaka kwenye vidole.

Kasuku alikuwa akimtazama kwa hofu. Meneja akaweka kidole mdomoni, kisha akamtilia kipande cha chokoleti kinywani. Akarudi jikoni kumalizia zilizobaki kwa mkono wa kushoto.

Baba aliporudi na kikapu, nyumba ilinukia chokoleti. "Mh," akasema, akichungulia. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mmenivunjia nini?"

"Hamna kitu, baba," Meneja akajibu.

Mama aliamshwa. Alitoka akiwa na kanga mabegani na alama ya mto shavuni, akasimama mbele ya meza. Pankeki zilikuwa zimepangwa, chokoleti ikishuka pembeni, hazelnati zimenyunyizwa juu. Mama alizitazama moja moja. Kisha akasema, "Mwanangu. Jamani, mwanangu," akaketi, na uso wake ukalegea kwa furaha. Meneja alipoona uso ule alisahau mkono kidogo. Kidogo tu.

Akachota pankeki ya kwanza, ya mama, akampa sahani kwa mkono wa kushoto.

Baba aliweka kikombe mezani. "Meneja. Mama unampa chakula kwa mkono wa kushoto?"

"Samahani, baba."

"Basi badili mkono."

Meneja hakubadili. Alisimama na sahani ile, mkono wa kulia ukiwa umefichwa nyuma.

"Nazungumza na nani?" Baba hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini alikuwa na zamu mbele yake na wiki nzima nyuma yake. "Kupika pankeki ndiko kumekupa kiburi? Siku moja tukae kwa amani, na hiyo nayo unaiharibu?"

Machozi yalimlenga Meneja. Kuitwa mjeuri kwenye meza aliyoiandaa kwa jasho kulimchoma, lakini alikuwa tayari kuitwa mjeuri. "Nisamehe, baba. Sijisikii tu kubadili."

"Hujisikii nini?"

"Subiri," mama akasema. Pua yake ilikuwa imeinuka. Alivuta hewa mara moja, akavuta tena, na usingizi wote ukamtoka usoni. "Mbona hapa panasikika harufu ya dawa ya meno?"

Kasuku, ambaye mdomo wake ulikuwa umebeba siri nzito kuliko chokoleti, alishindwa. "Dada alidaka kikaango!" akapasuka. "Kikaango cha moto! Alikidaka hivi! Hakikulia hata kidogo!"

Mama aliinuka. Alizunguka meza, akaupandisha mkono wa sweta, akaona kitambaa kimelowa na dawa ya meno imekauka pembeni kama chokaa. Akamshika binti yake begani, akampeleka kwenye bomba, akalifungua mpaka mwisho. Bomba likalia ndani ya ukuta kwa nguvu zake zote. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyekimbia kulifunga.

Maji yalipita juu ya kitambaa mpaka kikalegea na kutoka chenyewe. Chini yake kiganja kilikuwa chekundu, na malengelenge yamefura kuanzia kwenye vidole hadi karibu na kifundo cha mkono. Lengelenge moja lilikuwa limepasuka. Baba alipoona aligeuka, akaegemea friji.

"Umeungua saa ngapi?"

"Kama saa moja iliyopita, mama."

"Saa nzima. Na ukaendelea kupika." Mama aliushika mkono ule chini ya maji, hakuuachia. "Mtoto wa muuguzi, unajipaka dawa ya meno! Dawa ya meno huzuia joto lisitoke kwenye ngozi, na huingiza uchafu kwenye kidonda. Siagi vivyo hivyo, mafuta vivyo hivyo. Ukiungua, maji ya bomba, baridi ya kawaida, yatiririke muda mrefu, kisha uambie mtu mzima. Basi. Kwa nini hukuniamsha?"

Meneja alitazama maji. "Nilikusikia," akasema. "Ulimwambia baba, ukisikia mtu tena anasema inauma, utalia."

Bomba liliendelea kulia. Kisha machozi yakamtoka mama kweli, yakashuka bila yeye kuyapangusa kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika mkono mmoja.

"Nilisema hivyo," akasema. "Nilisema kwa uchovu. Sikiliza, mama yangu. Kazi ndiyo inanichosha. Wewe hujanichosha hata siku moja. Umenielewa? Hata siku moja."

Hapo Meneja akalia kwa sauti, kilio cha saa nzima kwa mkupuo mmoja. Baba akaja, akamwekea mkono kichwani. "Nami nikakuita mwenye kiburi," akasema. "Nisamehe, mwanangu." Halafu akachukua bisibisi na kuanza kuukaza mpini wa kikaango, jambo ambalo alikuwa amelipanga tangu mwaka jana.

Walisimama pale bombani kwa dakika ishirini nzima. Kisha akaufunika mkono kwa kitambaa safi, bila kukibana, akasema kiganja cha mtoto kikiungua hivi lazima kionwe zahanati leo leo.

"Nitampeleka mimi, wewe urudi kulala," baba akasema.

"Wewe utachelewa kazini. Mpeleke Kasuku kwa jirani." Na mama akavaa tena viatu vile vilivyomshinda asubuhi. Meneja aliangalia pembeni. Kila alichotaka kumwepushia mama siku hiyo kilikuwa kimempata mama huyo, tena mara mbili.

Zahanati ilikuwa mwisho wa barabara, na foleni yake ilitoka mpaka kwenye ukumbi. Walipewa kipande cha kadi chenye namba, wakakaa kwenye benchi. Mama aliuliza, "Inauma?" Meneja akafungua mdomo kusema hapana, akaufunga, akasema, "Ndiyo, mama. Inauma sana." Mama akamwitikia kwa kichwa, akamsogeza karibu. Punde kichwa cha mama kikaanza kuinama. Kikaja begani mwa Meneja, kikatulia, na pumzi yake ikawa nzito. Alilala fofofo, mkoba mapajani, katikati ya watu wanaokohoa.

Meneja hakusogea. Aliona mistari chini ya macho ya mama, na akatamani foleni ile isifike mwisho. Ikafika. Mhudumu alitoka mlangoni, akaita namba yao. Akaita tena. Akatazama huku na huku, akaanza kufungua kinywa aite inayofuata.

Miaka yote ya maisha yake Meneja hakuwahi kumwamsha mama kabla ya saa yake. Hakujua hata inavyofanywa. Akaweka mkono wake mzima juu ya goti la mama, akalitikisa.

"Mama. Mama, amka. Nakuhitaji."

Mama alifumbua macho, akamtazama, na wala hakuonekana kuchukia. "Nipo," akasema.

Daktari wa zamu aliuosha mkono, akausafisha pale palipopasuka, akaupaka dawa na kuufunga bandeji nyeupe kubwa kama glavu ya bondia. Alisema vidole vitafanya kazi kama kawaida mradi kidonda kisilowe, na arudi kubadilishiwa bandeji. Alisema pia kwamba yale maji yamesaidia, ingawa yangekuja mapema yangesaidia zaidi.

Wakati wa kurudi walitembea polepole, wote wawili wakiburuta miguu.

"Sikia," mama alisema. "Sheria ya kimya niliiweka mimi, na nikasahau kuwaambia inaishia wapi. Kimya cha nyumba yetu ni cha milango na sufuria. Si cha maumivu. Usingizi ukinipotea leo, nitaulala kesho. Mkono wa mwanangu ukipotea nitautoa wapi? Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe ulikuwa unanifichia mimi, ambaye kazi yangu ni hiyo hiyo. Mtu anayekupenda usimpunguzie mzigo kwa kumficha ukweli. Unamwongezea. Ukiumia, ukiogopa, hata ukichoka, uniambie. Na kuchoka nimeona umechoka. Kuanzia kesho kufua soksi ni kazi ya baba."

"Baba hajui kufua soksi, mama."

"Atajua."

Jioni mama alimweleza Kasuku sheria hiyo mpya, naye aliisikiliza kwa makini mno, jambo lililompa dada yake wasiwasi.

Jumatatu asubuhi, mama akiwa ndiyo kwanza ameshikwa na usingizi, Kasuku alipita mbele ya Meneja, akasukuma mlango wa chumba, akapanda kitandani. "Mama," akasema kwa sauti yake yote, "sisimizi ameniuma kidole."

Meneja aliyesimama mlangoni na mkoba wa shule alifumba macho kwa aibu. Mama akafumbua jicho moja. Akakishika kile kidole cha mguu, akakikagua juu na chini, akakipuliza.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema, akalala tena.